Kasha la vipande 108 au namba saba? Ulinganisho wa zana za mkono kwa anayetengeneza gari lake nyumbani

Mwenye gari anayetaka kuanza kubadilisha oili, plagi na breki padi nyumbani kwake hukutana na uamuzi mgumu kabla hajagusa nati hata moja. Ukipita Kariakoo upande wa Gerezani, au Kirinyaga Road kule Nairobi, utaona makasha meusi yamefunguliwa mbele ya maduka, kila soketi imelala mahali pake na kung'aa, na muuzaji atakutajia idadi ya vipande kabla hujauliza bei: 46, 94, 108, 216. Pembeni yake zipo spana moja moja zimefungwa kwa waya au kupangwa juu ya turubai, bila kasha na bila mng'ao. Ulinganisho huu unahusu uamuzi huo, na msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime kadiri anavyoendelea: zana zichaguliwe kwa nati zilizomo kwenye gari lako na kwa kazi unazokusudia kuzifanya, wala si kwa wingi wa vipande.

Namba zinazotumika kwenye gari lako

Mifano yangu mingi inatoka kwenye Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, kwa kuwa ndiyo ninayoitengeneza, na kwa kuwa injini hiyo hiyo imo kwenye Probox, Allion na Premio nyingi zilizojaa barabarani kwetu. Terminali za betri hufungwa kwa nati namba 10, yaani ya milimita 10, na namba hiyo hiyo ndiyo inayoshika koili za plagi na vifuniko vingi vidogo. Plagi zenyewe zinahitaji soketi ndefu ya namba 16. Bolti ya sampu, ile inayofunguliwa ili oili imwagike, ni namba 14. Bolti za kalipa ya breki, kile kifaa kinachobana breki padi kwenye diski, huwa namba 12 au 14 kutegemea toleo la gari, na zile kubwa zinazoshika fremu ya kalipa huwa namba 17. Nati za magurudumu ni namba 21. Ukiongeza 8 kwa vibano na vifuniko vidogo, na 19 kwa baadhi ya kazi za chini ya gari, unapata namba saba: 8, 10, 12, 14, 17, 19 na 21, ukiacha ile soketi ya plagi. Hizo ndizo zinazotawala magari ya Kijapani kwa jumla, ingawa nati za magurudumu hutofautiana, kwa maana Nissan nyingi ni 21 kama Toyota, ilhali Honda na Subaru ni 19.

Mwenye Volkswagen Golf au Polo ana mahitaji tofauti kabisa. Huko utakutana na 13, 16 na 18 mara kwa mara, magurudumu hushikwa na bolti za namba 17 badala ya nati, pini za kalipa za mbele hufunguliwa kwa alenki, yaani ufunguo wa pembe sita unaoingia ndani ya kichwa cha bolti, ya milimita 7, na vichwa vya toksi, vile vyenye umbo la nyota ya ncha sita, viko kila pahali. Seti inayomtosheleza mwenye IST inaweza kumwacha mwenye Golf amekwama siku ya kwanza ya kubadilisha breki padi. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, chukua daftari, inama chini ya gari lako na uandike namba za sehemu unazotarajia kuzifungua. Ukishindwa kuzitambua kwa macho, muulize fundi wako unapompelekea gari kwa sevisi, kwani yeye anazijua kwa mkono.

Kasha kubwa na zana moja moja

Kasha la vipande 108 la kawaida lina racheti mbili, yaani mipini inayozungusha soketi bila kuitoa kwenye nati kila mara, moja ya robo inchi na moja ya nusu inchi, soketi za milimita 4 hadi 32, soketi kadhaa ndefu, na bitsi nyingi za bisibisi, alenki na toksi. Mara nyingi halina spana hata moja, halina koleo, wala halina bisibisi kamili yenye mpini wake. Jirani yangu alinunua kasha la aina hiyo, na nilipolihesabu pamoja naye tuliona kwamba vipande vinavyoweza kufanya kazi kwenye IST yangu havikuzidi 20. Vingine vyote vilikuwa vizuri kuvitazama, lakini vilikuwa vimekula pesa ambazo zingenunua jeki nzuri.

Hata hivyo, kasha lina faida ambazo sitaki kuzipuuza. Kila kipande kina shimo lake, hivyo jioni ukimaliza kazi unaona mara moja kama soketi ya namba 10 imebaki ndani ya injini, na soketi iliyosahaulika juu ya mkanda wa altaneta inaweza kuleta hasara kubwa. Bei ya kipande kimoja kimoja huwa ndogo kuliko ukinunua kwa kutengana. Na kwa mwenye gari la Kijerumani, zile bitsi za toksi na alenki ambazo mimi nimeziona hazina kazi ndizo hasa atakazozitumia, kwa hiyo kwake yeye kasha kubwa lina maana zaidi kuliko kwangu.

Katikati ya hayo mawili lipo kasha dogo la vipande 46 la robo inchi, ambalo wamachinga hulibeba hata kwenye foleni za magari. Lina soketi za milimita 4 hadi 14, racheti ndogo, ekstensheni na bitsi. Kwa betri, koili, vifuniko na taa, ni ununuzi wenye thamani kubwa kwa bei yake. Kosa hufanyika pale mtu anapolitumia kwa bolti ya sampu au kwa breki, kwa sababu racheti ndogo kiasi hicho haikutengenezwa kubeba nguvu hiyo, na ikikatika, mkono wako unafika kwenye chuma kilicho mbele yake kabla hujaweza kuuzuia.

Robo inchi, tatu kwa nane, nusu inchi

Vipimo hivi ni vya mdomo wa mraba unaounganisha racheti na soketi: milimita 6.35, milimita 9.5 na milimita 12.7. Robo inchi hupenya mahali pembamba na humpa mtu hisia ya kiasi anachokaza, jambo linalosaidia sana kwenye bolti ndogo zinazoingia kwenye alumini. Nusu inchi ni ya magurudumu, breki na chini ya gari. Tatu kwa nane imekaa katikati, na kwa maoni yangu ndiyo inayofaa kazi nyingi zaidi za injini, ikiwemo plagi, kwani ina urefu wa kutosha kupata nguvu na bado si kubwa kiasi cha kugonga kila kitu kinachoizunguka.

Tatizo ni kwamba makasha mengi ya bei ya kati huiruka tatu kwa nane na kukupa robo na nusu tu. Ukiipata racheti ya tatu kwa nane yenye soketi zake za 10, 12, 14 na ile ya plagi, inunue, na umalizie kwa mpini mrefu wa nusu inchi usio na racheti, pamoja na soketi za 17, 19 na 21. Usipoipata, kasha la vipande 46 pamoja na huo mpini mrefu na soketi kubwa chache vitakufikisha mbali bila kukufilisi.

Mpini huo usio na racheti unastahili kuelezwa zaidi, kwa sababu wanunuzi wengi huuacha. Racheti ina meno madogo ndani yake, na meno hayo ndiyo yanayovunjika unapolazimisha nati iliyoganda. Mpini mtupu wa sentimita 45 hadi 60 hauna kitu cha kuvunjika ndani, na urefu wake hukuwezesha kulegeza nati ya gurudumu kwa mkono uliotulia badala ya kuirukia kwa mguu. Ukishailegeza kwa mpini, racheti inamalizia. Kuhusu meno yenyewe, uliza idadi yake: racheti ya meno 24 inahitaji kusogea nyuzi 15 kabla ya kushika jino lingine, na ya meno 72 inahitaji nyuzi 5 tu. Mahali ambapo mkono una nafasi ya kusogea kidogo sana, kama nyuma ya injini karibu na ukuta, tofauti hiyo ndiyo huamua kama kazi itafanyika au haitafanyika. Lakini meno mengi maana yake ni meno madogo, kwa hiyo racheti ya meno 72 iliyotengenezwa kwa chuma dhaifu ni hatari kuliko ya meno 24 iliyotengenezwa kwa chuma hicho hicho.

Pembe sita na pembe kumi na mbili

Kati ya mambo yote ya ulinganisho huu, hili ndilo lililonigharimu zaidi kulijifunza. Nilipoanza kumwaga oili mwenyewe, niliishika bolti ya sampu kwa soketi ya pembe kumi na mbili, yaani yenye pembe kumi na mbili ndani yake badala ya sita. Mtu aliyefanya sevisi iliyotangulia alikuwa ameikaza kupita kiasi, soketi ikateleza, na pembe zote sita za bolti zikalika hadi ikawa karibu ya mviringo. Oili ilikuwa bado ndani, filta nilikuwa nimeshaitoa, na gari halikuweza kusogea. Fundi niliyemwita alichukua soketi ya namba 13 ya pembe sita, akaigongea kwa nyundo juu ya ile bolti ya 14 iliyolika, na kuifungua taratibu. Bolti mpya ilinunuliwa, pamoja na washa yake, na siku nzima ilikuwa imepotea.

Sababu ni hii. Soketi ya pembe kumi na mbili hushika nati karibu kabisa na ncha za pembe zake, mahali ambapo chuma ni chembamba na huanza kulika. Soketi ya pembe sita husukuma ubavu wa nati, mbali kidogo na ncha, na nguvu husambaa kwenye eneo kubwa zaidi. Pembe kumi na mbili zina faida moja ya kweli: unaweza kuivisha soketi kwenye nati kwa kuigeuza kidogo tu, nusu ya unavyohitaji kwa pembe sita, na hiyo husaidia kwenye spana za ringi ambazo hazina racheti. Kwa soketi, ambako racheti tayari inakupa uhuru huo, sioni sababu ya kununua pembe kumi na mbili. Anayeishi Tanga, Mombasa, Unguja au Kigamboni, ambako hewa ya chumvi hula nati zote za chini ya gari, asizitie pembe kumi na mbili kwenye kapu lake kabisa.

Spana za ringi, za mdomo wazi, na ile inayojirekebisha

Spana ya mdomo wazi hushika nati pande mbili tu, na spana ya ringi huizunguka yote. Ukinunua spana zenye ringi upande mmoja na mdomo upande mwingine, unapata vyote viwili kwa kila namba, na hivyo ndivyo ningemshauri anayeanza: legeza kwa ringi, kisha zungusha haraka kwa mdomo. Spana mbili za namba moja zina kazi zake pia, hasa 12 na 14, kwa kuwa mara nyingi unalazimika kushika kichwa cha bolti upande mmoja huku unafungua nati upande wa pili.

Spana inayojirekebisha, ile ambayo mafundi wengi huiita spana malaya, ndiyo zana ya kwanza ambayo watu wengi hununua kwa sababu inaonekana kama zana kumi ndani ya moja. Ni nzuri kwa mabomba ya maji nyumbani. Kwenye gari taya lake linalotembea huwa na nafasi ndogo ya kucheza, nafasi hiyo huongezeka unapokandamiza, na nati ndogo iliyoganda hulika kabla haijalegea. Mimi ninayo, lakini huitumia kushikilia kitu kisizunguke, si kukifungua.

Kuna spana moja ya pekee ambayo atakayegusa mabomba ya breki anapaswa kuijua: ni ringi ya namba 10 iliyokatwa upande mmoja ili ipite kwenye bomba na bado ishike pembe tano za nati. Nati hizo ni laini, na zikilika kwa spana ya mdomo wazi utalazimika kubadilisha bomba zima.

Bisibisi

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Bisibisi ya nyota inayouzwa kila duka ni ya umbo la Phillips, na skrubu nyingi za nyota kwenye magari ya Kijapani ni za kiwango cha viwanda cha Japani kiitwacho JIS. Kwa macho zinafanana, lakini umbo la Phillips lina miteremko inayoifanya bisibisi ijisukume nje unapokaza sana, wakati skrubu ya JIS inahitaji ncha inayozama hadi chini. Matokeo yake ni msalaba uliochimbika na skrubu isiyotoka. Skrubu nyingi za JIS huwa na kitone kidogo juu ya kichwa, ingawa si zote. Bisibisi ya JIS hushika vizuri aina zote mbili, kwa hiyo mwenye gari la Kijapani akipata namba 2 na namba 3 za kampuni ya Vessel au nyingine ya Kijapani, hana haja ya kununua Phillips kabisa. Namba 3 hukumbukwa na kila mwenye Honda aliyejaribu kutoa diski ya breki, kwani skrubu mbili zinazoishika huganda vibaya. Huko hutumika bisibisi ya kugonga, ile inayogeuka yenyewe unapoipiga nyundo.

Za flati nunua mbili, kubwa na ndogo, na usizitumie kama patasi. Kutoboa filta ya oili kwa bisibisi ili kuizungusha ni tabia iliyoenea, na huacha filta imechanika nusu na bado imeshika. Kikombe cha filta kinachoingia kwenye racheti ni bora, mradi ukipime kwenye filta yako kwanza. Mkanda wa kuvuta hufaa ukubwa wowote, lakini unahitaji nafasi ya kuuzungusha ambayo injini nyingi hazina. Wakati wa kurudisha, filta hukazwa kwa mkono mtupu, takriban robo tatu ya mzunguko baada ya mpira wake kugusa chuma.

Jeki na stendi

Soketi mbaya itakuharibia nati, lakini jeki mbaya inaweza kukuua, na kwa sababu hiyo naomba msomaji atumie pesa zake hapa kwanza, hata kama spana zitasubiri mwezi ujao.

Jeki ya mkasi iliyokuja na gari ilitengenezwa kwa kazi moja, nayo ni kubadilisha tairi barabarani. Ina kitako chembamba, hupanda polepole, na huyumba gari linaposukumwa kwa ubavu. Jeki ya chupa ina nguvu nyingi kwa bei ndogo na haichukui nafasi, ndiyo maana madereva wa malori na daladala huipenda. Kwa gari dogo ina kasoro mbili. Kimo chake ikiwa imeshuka huwa kati ya sentimita 16 na 20 hivi, na gari ambalo tairi limeisha upepo linaweza kuwa limelala chini ya hapo. Na kichwa chake ni kidogo cha mviringo, ambacho hakishiki vizuri ukingo wa chuma wa ubavuni mwa gari. Jeki ya magurudumu, ile ndefu yenye mpini wa kupampu, huingia chini kwa urahisi, hupanda haraka, na kitako chake ni kipana. Ni nzito na ghali kuliko zile mbili, na inahitaji sakafu ngumu. Kwenye ua wa mchanga magurudumu yake huzama na hayawezi kusogea gari linapopanda, kwa hiyo itandikie ubao mnene na mpana.

IST ina uzito wa takriban tani moja, na Noah ni zaidi ya hapo kwa karibu nusu. Jeki ya tani 2 inatosha kwa magari yote mawili, kwa kuwa hunyanyui gari zima kwa pamoja, lakini mimi huchagua tani 3 pale tofauti ya bei inapokuwa ndogo, si kwa ajili ya nguvu bali kwa sababu chuma chake na kitako chake huwa vikubwa zaidi.

Hakuna kati ya jeki hizo inayostahili kumlinda mtu aliye chini ya gari. Mpira mdogo ndani ya jeki ya oili unaweza kuvuja bila dalili, na gari likashuka kwa sekunde moja. Wengi hutumia mawe au tofali za saruji badala ya stendi. Tofali la saruji hubeba uzito uliosambaa ukutani, lakini uzito wa gari unapokusanyika kwenye ncha moja hupasuka ghafla bila kuonyesha ufa kwanza. Stendi mbili za chuma zenye miguu minne, zilizoandikwa tani zinazobeba, ndizo pekee ninazozikubali, na ukilinganisha na bei ya jeki si ghali. Ziweke chini ya sehemu mbili zilizokatwa alama kwenye ukingo wa ubavuni, funga magurudumu yaliyobaki chini kwa vigingi au mawe mbele na nyuma, kisha lisukume gari kwa mkono kabla hujaingiza hata bega. Gurudumu ulilolitoa lilaze chini ya ubavu wa gari; halimzuii mtu asiumie, lakini likitokea la kutokea huacha nafasi.

Kukaza kwa mkono au kwa spana ya torki

Nati za magurudumu za Toyota ndogo hukazwa kwa nyutoni mita 103, kipimo cha torki, yaani nguvu ya kuzungusha, na bolti ya sampu ya 1NZ-FE kwa takriban 37. Spana ya torki hutoa mlio wa klik inapofika kiasi ulichokiweka, na ya nusu inchi hupima kwa kawaida kuanzia nyutoni mita 28 au 40 hadi 210, kiasi kinachofaa magurudumu na breki. Kwa bolti ya sampu na plagi ingefaa ndogo zaidi, kwa kuwa vipimo vya chini kabisa vya spana kubwa havitegemeki sana.

Asiyeweza kuinunua bado anaweza kukaza kwa hesabu. Nyutoni mita 103 kwa mpini wa sentimita 40 ni sawa na kukandamiza kwa uzito wa kilo 26 hivi mwisho wa mpini, na nyutoni mita 37 kwa spana ya sentimita 25 ni kilo 15. Mfuko wa unga wa kilo 25 unakupa kumbukumbu nzuri ya uzito huo mkononi. Njia hii si kamili, lakini ni bora mara nyingi kuliko kusimama juu ya spana kwa mguu au kuvisha bomba kwenye mpini, ambako nguvu huongezeka maradufu bila wewe kuisikia, uzi wa bolti huvutika, na atakayefungua safari ijayo atakutana na yaliyonikuta mimi. Kaza nati ukivuka kutoka moja kwenda iliyo mkabala nayo. Ukinunua spana ya torki, usiitumie kulegezea, na uirudishe kwenye kipimo chake cha chini kabla ya kuihifadhi.

Koleo na kipimo cha umeme

Koleo la kawaida na lenye mdomo mrefu yanatosha mwanzoni. Kwa umeme, taa ya kupimia ni rahisi na hukuambia kama umeme upo au haupo, lakini mita ya dijitali hukuambia ni kiasi gani, na hilo ndilo unalolihitaji kwenye betri: volti 12.6 gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa ni betri iliyojaa, na volti 13.8 hadi 14.5 injini ikiwaka ni altaneta inayochaji. Vipimo hivyo viwili vimewaokoa wengi wasinunue betri mpya wakati tatizo lilikuwa altaneta.

Dukani

Zana zinazopatikana kwetu ziko katika makundi matatu hivi. La kwanza ni zile za China za bei nafuu, ambako majina kama Ingco, Total na Tolsen yameenea Tanzania na Kenya, pamoja na nyingine nyingi zisizo na jina lolote. La pili ni zile za Taiwan, kama King Tony na Force, ambazo gereji hununua kwa sababu hutumika kila siku. La tatu ni za mtumba kutoka Japani, zikiwemo KTC, Tone na Koken, ambazo ukizipata bila kutu ya ndani na bila mdomo uliopanuka ni zana za kudumu miaka mingi kwa bei ya kati. Kwa mtu anayefanya sevisi mara nne kwa mwaka, kundi la kwanza linatosha kwa koleo, nyundo, ekstensheni na soketi ambazo hazitumiki sana. Soketi za 10, 12, 14 na 21, pamoja na racheti, ningezinunua kutoka kundi la pili au la tatu hata kama ni moja moja.

Maandishi ya Chrome Vanadium, aina ya chuma imara cha zana, ubavuni mwa soketi si uthibitisho, kwa maana mhuri hugongwa kwenye chuma chochote. Badala yake, nenda na bolti safi ya namba 14 mfukoni. Ivishe soketi na uizungushe kwa vidole: ikiwa soketi inacheza hata kidogo kabla ya kushika, itakuja kula nati. Kisha ivishe spana ya namba hiyo hiyo upande wa mdomo na utazame mwanga unaopita kati ya taya na bolti. Igeuze racheti taratibu karibu na sikio usikie kama kila jino linashika kwa sauti moja, na ujaribu kuutikisa mdomo wake wa mraba juu na chini. Muuzaji atakuona unachukua muda mrefu, lakini bolti hiyo moja itakuonyesha tofauti kati ya soketi mbili zinazofanana kabisa ndani ya kasha.